Koti la Yasini

"Huyo si baba yako. Huyo ni mimi!"

"Mzee Kasmiri, toa mkono kwenye picha."

"Sitoi. Nikitoa, huyu fundi atanichonga. Atanibandika kwenye mnara wa marehemu, na mimi asubuhi hii nimekunywa uji bakuli mbili. Umewahi kuona marehemu anaongeza uji?"

"Marehemu siwajui. Wewe nakujua. Toa mkono."

Mwamini aliivuta picha upande wake, Kasmiri akaivuta upande wake. Gabrieli, fundi wa marumaru, alipoona karatasi iliyovumilia miaka zaidi ya arobaini inataka kugawanywa kama andazi, aliichomoa katikati yao akainyanyua juu ya kichwa chake. Alikuwa mrefu. Wale wawili wakabaki wamenyoosha mikono mitupu.

"Wazee wangu," alisema, ingawa Mwamini alikuwa hajafika hamsini na hakupenda kuingizwa kwenye wingi huo, "umeme unakatwa saa nane kwa matengenezo. Sasa hivi saa tano. Mashine yangu inataka saa mbili kamili kwa picha moja. Kama mnagombana, gombaneni upesi. Ikifika saa sita sijaanza, basi tena."

Karakana yake ilikuwa hapo Nachingwea mjini, chumba kimoja chenye mashine, kompyuta na vipande vya marumaru nyeusi vilivyoegemezwa ukutani kama watoto waliochelewa shule. Siku zote alichonga mawe ya makaburi na vibao vya maduka. Safari hii alikuwa amepata kazi kubwa. Watoto na wajukuu wa watu waliosaidia vita vya ukombozi wa Msumbiji, zama zile Nachingwea ilipokuwa na kambi ya wapigania uhuru, walikuwa wameunda kamati na kusimamisha mnara. Kila familia ilitakiwa kuleta jina, mstari mmoja wa maelezo, na picha. Mnara ungefunguliwa Jumamosi. Familia kumi na nane zilikuwa zimeshaleta zao, na nyuso kumi na nane zilikuwa tayari zimechongwa. Iliyobaki ilikuwa ya Yasini Mohamedi, baba yake Mwamini.

Ilibaki kwa sababu Mwamini hakutaka mtu mwingine yeyote aisafirishe picha ile. Alikuwa na duka la pembejeo Ruangwa, na katika miaka ishirini ya kuuza salfa ya mikorosho alijifunza kwamba mzigo wa maana unaupeleka mwenyewe. Aliifunga picha ndani ya kanga, kanga akaitia kwenye mkoba, akamchukua na mama yake, Bibi Amna, aliyesema anataka tu kunyoosha miguu, wakaja.

Kasmiri alikuja nyuma yao. Habari zilimkuta nyumbani kwake Malolo jana jioni. Alfajiri akapanda bodaboda, mzee wa miaka sabini na minane, akashuka mlangoni kwa Gabrieli akiwa mwekundu wa vumbi hadi kwenye kope.

Angekuwa mtu mwingine, Mwamini angemsikiliza. Lakini Kasmiri alikuwa mtani. Ukoo wake na ukoo wa Yasini walikuwa watani wa kuzikana tangu enzi za mababu, na neno la mtani halishikiki, ni sawa na kukamata kambare kwa mikono yenye mafuta. Kwenye harusi ya Mwamini alijilaza mlangoni akidai bibi harusi ni mke wake aliyetoroka, na hapiti mtu mpaka apewe kuku. Kwenye maziko ya shangazi yake Mwamini, Kasmiri aliingia kaburini kabla ya maiti mwenyewe, akasema mahali penyewe pazuri, pana ubaridi, heri ahamie yeye. Watu walicheka huku machozi yanawatoka, na hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani. Tena kila alipofika nyumbani kwa Mwamini pale Ruangwa, kwa miaka yote hiyo, alisimama mbele ya ile picha sebuleni akaisalimu: "Hujambo, mimi?" Kisha akajijibu: "Sijambo, Kasmiri. Wamekutundika juu sana, huoni televisheni." Nyumba nzima ilicheka. Mwamini alicheka kuliko wote.

Leo hakucheka.

"Mtani," alisema, kwa sauti ile aliyowawekea wateja wanaotaka kurudisha dawa waliyokwisha kuifungua, "utani una mipaka yake. Baba alikufa nina miaka mitatu. Sauti yake siikumbuki. Barua hakuacha. Hata kaburi lake mti umeliangukia, tunakisia tu. Nina picha hii. Ukiniambia si yeye, unaniachia nini?"

Kasmiri alijifuta vumbi la kope. Alikuwa na meno manne, na kwa kawaida yote manne yalikuwa kazini. Sasa yalipumzika.

"Ndiyo maana sikukukazania," alisema polepole. "Ukutani kwako nilikuwa radhi kukaa. Kwako kuna feni. Lakini mnarani, Mwamini, katikati ya marehemu kumi na wanane? Jumamosi watasoma dua, na mimi nimo. Dua ikinipata, je?"

"Unamwona? Bado anatania."

"Sitanii!"

"Na ndivyo unavyosema kila ukitania."

Mzee wa watu alishika kichwa. Alikuwa ametania maisha yake yote, na siku aliyokuja na kweli hakuwa na pa kuitua.

Gabrieli ndiye aliyewaamua. Aliilaza picha kwenye mashine ya kunakili, akaifunika, na baada ya muda ikatokea kwenye kompyuta, kubwa kama dirisha. "Haya," alisema, "tuiulize yenyewe."

Picha yenyewe ilikuwa hivi: mtu mrefu mbele ya nyumba ya udongo, amevaa koti zito la kijeshi lenye vifungo vikubwa, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, na begani amelaza bunduki. Bega la kulia limepanda juu, mwili umeegemea kushoto, mguu mmoja mbele, kama anayepita mbele ya wakubwa siku ya gwaride. Unyevu ulikuwa umekula nusu ya uso. Palipobaki ni kidevu na kivuli. Nyuma yake wamejaa watu, na wote wanacheka. Mwamini aliwasimulia wanawe maana ya kila kitu humo: hiyo ni siku babu yenu aliporudi kutoka vitani, kijiji kizima kikatoka kumpokea, kukapikwa. Fahadi, kifungua mimba wake, aliwahi kuiandikia insha na mwalimu akaisoma mbele ya darasa.

"Uso nitautengeneza," alisema Gabrieli. "Nachukua macho na pua ya Mama Fahadi hapa, naongeza ndevu kidogo. Mtoto na baba hawapishani."

"Mimi uniwekee pua ya mwanamke?"

"Mzee, tulia."

"Nimetulia. Pua yake sina ugomvi nayo. Ila kwangu itapwaya."

Gabrieli akaanza kukuza picha. Akaanzia kwenye bunduki, maana wanaume wengi huanzia huko. Akaikuza, akaikuza tena, kisha akasogeza kiti.

"Mama Fahadi. Hii bunduki ina unga."

Mwamini aliinama. Ncha ya bunduki ilikuwa butu, nene, na imepakaa kitu cheupe.

"Hilo ni jua," alisema.

"Mtutu pia haina. Wala kitako. Huku mviringo, huku mviringo."

"Bunduki za zamani zilikuwa na mbao nyingi."

"Mbao tupu?"

"Ni mchi," alisema Kasmiri kwa upole, kama daktari. "Wa mama yako. Niliunyakua kinuni, hata kufutwa haujafutwa. Alinitukana tusi moja, mpaka leo sijapata maana yake."

"Baba naye angeweza kubeba mchi."

"Mwanamume ametoka vitani, kijiji kimetoka kumpokea, yeye abebe mchi? Mwamini, mimi ndiye mtani wake, na hata mimi singemsingizia hilo."

Mwamini alisogeza kichwa karibu na kioo cha kompyuta. Alikuwa mtu ambaye akishuku gunia la ufuta lina mchanga hasimami kubishana na muuzaji. Analifungua.

"Kuza nyuma," alimwambia Gabrieli. "Kuza watu."

Zilitokea sufuria tatu za shughuli, kila moja juu ya mafiga yake. Zilitokea mikeka, na wanawake wamekaa miguu wameinyoosha. "Si nilisema walipika," alisema Mwamini, lakini sauti ilikuwa imepungua. Kisha ukatokea mlango wa nyumba. Mlangoni amekaa mwanamke aliyevaa nyeupe tupu, shuka hadi kichwani. Mwamini siku zote alimchukulia kuwa bibi yake, kwa sababu alikuwa doa jeupe tu. Sasa doa lilikuwa na uso, na uso ulikuwa wa kijana. Watu wote wako uani ila yeye. Vidole vyake vya miguu vimeishia kwenye kizingiti, havivuki. Anacheka, na ameziba mdomo kwa mgongo wa mkono, kiganja kimetazama nje. Magotini pake amesimama mtoto wa kike mwenye gauni linaloburuta, mdomo wazi, na mkono umemnyooshea mtu mwenye koti.

Dirisha la karakana lilitazama barazani. Pale nje Bibi Amna alikuwa kwenye benchi na mama mmoja muuza karanga, wanapiga soga, na muuza karanga akasema jambo. Bibi Amna akacheka. Mkono wake ukapanda mdomoni, mgongo wa mkono kwenye midomo, kiganja kikatazama nje.

Mwamini alitazama kompyuta, akatazama dirisha, akarudi kwenye kompyuta.

"Ni mama," alisema. "Kavaa nyeupe. Watu wanasherehekea, yeye havuki kizingiti." Alikigusa kizingiti kwa kidole. "Mama yuko eda. Eda ya nani?"

Kasmiri, ambaye hajawahi kukosa la kusema hata mbele ya shehe, alikuwa anayatazama mavumbi ya viatu vyake.

Mwamini akatoka nje.

"Mama, njoo uangalie kitu."

"Macho yangu hayaoni, mwanangu. Si unajua."

"Yamefanyiwa upasuaji mwezi uliopita. Juzi umeona sisimizi kwenye sukari ya jirani, umekaa kwetu."

"Sisimizi anatembea. Picha imesimama."

"Sijasema picha."

Bibi Amna akatafuna karanga ambayo haikuwepo mdomoni. Muuza karanga aligundua kwamba vifungu vyake havijapangwa vizuri, akaanza kuvipanga upya, taratibu, asisogee hata hatua.

"Mama, kwenye picha ya baba wewe uko eda."

"Haya," alisema Bibi Amna. Alishusha pumzi kama mtu aliyeambiwa ashushe ndoo. "Miaka yote hiyo nasubiri uitazame. Unaifuta vumbi kila Ijumaa, kuitazama huitazami."

"Kwa hiyo si yeye."

"Si yeye. Ni huyo punguani mtani wetu. Ilikuwa arobaini ya baba yako."

Mwamini akakaa kwenye benchi bila kuangalia kama lina vumbi, jambo ambalo si kawaida yake.

"Wewe ulikuwa unakwenda kukaa njiani kila jioni unamsubiri," alisema mama yake. "Ukiambiwa baba amekwenda, unauliza atarudi na nini. Siku arobaini hujacheka, kula unadonoa. Watani wakaja kumaliza msiba. Kasmiri akaingia ndani, akavaa lile koti alilopewa baba yako na wale wapiganaji, akanyang'anya mchi wangu, akatoka nje na ule mwendo."

"Mwendo gani?"

"Wa baba yako. Alibeba masanduku na unga miaka sita, kutoka huku mpaka mto Ruvuma, yote kwa bega la kulia. Vita vikaisha, mizigo ikaisha, bega likakataa kushuka. Alitembea hivyo mpaka anakufa, kama sanduku liko palepale. Sasa Kasmiri alipotoka na bega lile, wewe ukapiga ukelele: Baba! Ukacheka mpaka ukakaa chini. Na mimi nikacheka, ndani ya eda, Mungu anisamehe. Abdalah mpiga picha alikuwa anapita na baiskeli, anatoka kupiga picha za jando kijiji cha pili. Akasimama akapiga. Alipoileta wewe ukaishika, ukasema baba, ukalala nayo. Ningekunyang'anya?"

"Siku hiyo usininyang'anye. Lakini ungeniambia nina miaka kumi. Ungeniambia nilipoolewa."

"Ulipoolewa uliitundika sebuleni, mbele ya wakwe. Nikutoe nguo mbele ya wakwe?"

"Na vita? Nani aliniambia baba alipigana?"

"Wewe. Ulikuwa darasa la nne. Ulirudi shuleni ukanieleza mimi, bunduki ya aina gani na nini. Na ulikuwa unaongea sana, nafasi ya kukukatisha sikuipata. Mpaka leo ni kazi."

Kasmiri alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo. Hakuweza kuvumilia zaidi. "Za mwizi arobaini," alisema, "na yangu ilikuwa arobaini yenyewe. Nimeibia palepale, nikakamatwa palepale, na picha nikapigwa."

Mwamini hakumgeukia. "Picha yake ya kweli iko wapi?"

"Haipo," alisema Bibi Amna. "Waliokuwa wanabeba walikatazwa kupigwa picha, ikimfikia adui itakuwaje. Vita vikaisha, yeye bado anaogopa. Akiona kamera anakwenda kukojoa."

"Sura yake, basi. Alifananaje?"

"Mwanamume tu. Pua hiyo hiyo yako. Unataka nikuambie alikuwa mzuri? Sikuolewa naye kwa uzuri. Alikuwa hasemi uongo na alikuwa anachota maji."

"Na koti?"

Hilo lilikuwa la Kasmiri. "Koti nilipewa mimi, haki ya mtani. Nililivaa mpaka likachoka, nikalivika sanamu shambani, la kufukuza ndege kwenye mtama. Misimu miwili ndege hakutua. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba baba yako hajawahi kuwekewa sanamu. Alikuwa nalo kabla ya hao wote kumi na wanane, tena lake lilifanya kazi."

Muuza karanga aliangusha kifungu. Mwamini alijaribu kukunja uso, uso ukakataa. Kicheko kilimtoka puani kwanza, kisha kikaja chote, na machozi nyuma yake, na mkono wake ukapanda mdomoni, kiganja kikatazama nje. Bibi Amna aliutazama mkono ule.

Mwamini alipokwisha kujifuta alisimama. "Mtani, tembea."

"Nini?"

"Tembea kama yeye. Nione."

"Mchi sina."

Gabrieli, ambaye naye alikuwa amejitokeza mlangoni, akampa ufagio. Kasmiri aliulaza begani. Alivuta pumzi, bega la kulia likapanda, mwili ukaegemea kushoto, akaondoka pale barazani hadi kwenye kibao cha duka la jirani, akageuka, akarudi. Miaka sabini na minane ilikuwa imemwondoka magotini. Hakuwa anachekesha. Hatua ya kulia nzito, ya kushoto ya haraka, kama mtu anayetaka kufika kabla mzigo haujamshinda. Mwamini aliujua mwendo huo. Aliuona kila siku ukutani na kuuita gwaride.

"Ni wenyewe?" alimwuliza mama yake.

"Nywele zinanisimama," alisema Bibi Amna.

"Hata wewe unatembea hivi," Kasmiri alimwambia Mwamini, akimrudishia Gabrieli ufagio wake. "Hasa ukiwa na huo mkoba. Nikikuona kwa mbali pale Ruangwa huwa nataka kukudai ugoro, baba yako hakuwahi kunilipa."

Gabrieli alitazama simu. "Saa sita kasoro dakika kumi. Nifanye nini? Niweke uso wa kutengeneza? Watu wengine hawana habari, Mama Fahadi. Ni hapa hapa tu tunajua."

Mwamini alikuwa ameshaingia ndani. "Kwenye maelezo umeandika nini?"

"Ulichonipa. 'Alipigana kuikomboa Afrika.'"

"Futa."

Akafuta.

"Andika: 'Alibeba.'"

"Alibeba nini?"

"Nukta. Atakayetaka kujua atauliza, na sisi tupo."

Gabrieli akaandika, akaweka nukta. "Na picha?"

Mwamini alisimama nyuma yake, mkoba begani. "Koti ni la baba. Bega ni la baba, na mguu ule. Uso si wake, na pua yangu inabaki usoni kwangu. Kata hapo kwenye kola."

"Nikate kichwa?"

"Mnanichinja!" alipiga kelele Kasmiri.

"Si ulitaka utoke mnarani? Unatoka."

"Nilitaka nitoke mzima!"

"Kichwa ndicho unachonywea uji. Kichwa unarudi nacho Malolo."

"Watu wataona mtu hana kichwa," alisema Gabrieli. "Wenzake wote wana nyuso. Watauliza."

"Ndiyo, wataambiwa. Hao wengine hakuna atakayewaulizia lolote."

"Mchi je? Kipande kitabaki kwenye koti."

"Kiache. Alibeba unga, hakubeba bunduki."

"Na mkono ulioushika ni wa huyu mzee."

Mwamini alimtazama Kasmiri, aliyekuwa ameficha mikono yote miwili mgongoni kwa tahadhari. "Mkono wa mtani ndio unaozika," alisema. "Utabaki. Dua ikiupata, itakuwa imeupata mmoja."

Kasmiri alifikiri. Alitoa mkono wa kulia, akaugeuza huku na huku kama anayetazama papai sokoni. "Ndio huu wenye baridi yabisi," alisema. "Wausomee."

Mwamini alichukua kalamu ya Gabrieli mezani, akaigeuza ile picha yenyewe, ya karatasi, na nyuma yake akaandika kwa herufi za daftari la dukani: *Huyu ni Kasmiri, mtani, amevaa koti la Yasini Mohamedi siku ya arobaini yake, 1981. Mlangoni ni Amna, na Mwamini.* Akapuliza wino ukauke, akaifunga kwenye kanga.

"Hiyo inarudi wapi?" aliuliza Bibi Amna kutoka mlangoni.

"Ilipokuwa. Kwenye feni."

Gabrieli alivuta mstari kutoka juu ya picha, ukapita kwenye kofia, ukapita kwenye kidevu, ukafika kwenye kola. Kichwa kikatoweka. Kasmiri akajishika shingo. "Mashine ikianza hairudi nyuma," alisema Gabrieli. "Mama Fahadi, una uhakika?"

Mwamini alinyoosha mkono juu ya bega la fundi, akabonyeza mwenyewe. Mashine ilikohoa, ikashuka juu ya jiwe jeusi, ikaanza kukwaruza, na kitu cha kwanza kutokea kilikuwa bega la kulia.